Mashine ya Vitunguu Bila Machozi

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema. Nimekataa maombi manne kabla ya chai.

Niandike hapa, kwa faida ya wajukuu, kwamba mimi ni Mkaguzi Daraja la Pili katika Ofisi ya Hataza. Ndiyo ofisi inayompa mtu cheti cha kuthibitisha kuwa kitu fulani amekibuni yeye na si mwingine. Wabunifu wanaleta michoro, mimi nasoma, naamua. Jina la mwombaji silioni. Limefungwa kwenye bahasha nyuma ya faili, na anayeifungua ni Mama Msajili peke yake, kila Ijumaa, uamuzi ukishatoka. Utaratibu mzuri sana. Hakuna cha ndugu wala jamaa. Mjomba wangu mwenyewe nilimkataa bila kujua, mpaka leo hanisalimii.

Leo faili namba 41. Mashine ya kumenya na kukata vitunguu bila machozi! Sanduku, mpini, wembe, kioo cha kukinga macho. Nikautazama mchoro nusu dakika, nikacheka peke yangu. Nikashika kalamu yangu nyekundu, ya wino usiofutika, zawadi ya mke wangu, ambayo siitumii kwa faili za kawaida. Nikaandika: Machozi yamenitoka kwa kusoma tu. Mwombaji hajui analofanya. Ashauriwe atafute kazi nyingine. Saini. Muhuri wa jina langu.

Nikawasomea wenzangu kwa sauti. Ofisi nzima ilivunjika mbavu. Hata Miwani alicheka. Huyu Miwani anakaa meza inayonitazama, na kiti cha Mkaguzi Mkuu anakitaka kama ninavyokitaka mimi. Alicheka kwa kujilazimisha. Wivu huo.

Nikautumbukiza uamuzi kwenye kasha. Kasha letu ni la chuma, lina tundu jembamba juu na kufuli moja ubavuni. Ufunguo anao Mama Msajili. Kilichoingia humo hakitoki mpaka Ijumaa. Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Jumanne, 4 Machi

Mungu wangu! Mungu wangu!

Nilikuwa nakula mkate, redio imewashwa. Mkuu wa Nchi anahutubia wahandisi. Akasema kuongoza na kubuni ni ndugu wa tumbo moja. Akataja viongozi wa ng'ambo, wa zamani: mmoja alichora jembe la plau la aina yake, mwingine kabla hajawa rais alipata hataza ya kunyanyua mashua zilizokwama majini penye kina kifupi. Mimi natikisa kichwa, naafiki, natafuna. Kisha akasema na yeye hakukaa bure. Amebuni mashine ya vitunguu. Mtu anakata vitunguu, hatoi hata chozi moja! Na hataki upendeleo. Ameipeleka Ofisi ya Hataza kwa njia ya kawaida, jina ndani ya bahasha, kama raia yeyote.

Mkate ulinikwama kooni. Mke wangu alinibamiza mgongoni mara tatu, ya tatu kwa hasira kidogo maana nilikuwa nimemwaga chai kwenye kitambaa chake.

Atafute kazi nyingine. Nimemwambia Mkuu wa Nchi atafute kazi nyingine! Kwa maandishi! Na muhuri!

Watu wamepotea kwa makosa madogo kuliko hili. Mwalimu aliyekuwa jirani yetu alipiga chafya katikati ya hotuba. Mara moja tu, tena kwa adabu, kwenye leso. Nyumbani mwake sasa anakaa mtu mwingine, na pazia amebadilisha.

Mke wangu akasema dawa ni rahisi: niende kwa Mama Msajili nimweleze ukweli, kasha lifunguliwe, karatasi itolewe, yaishe. Wanawake! Ukweli ndio ulionifikisha hapa. Ule uamuzi niliouandika ulikuwa ukweli mtupu.

Mchana wenzangu walipokwenda kula, nilibaki. Mpango: waya mrefu, ncha yake nimeipaka ubani niliotafuna asubuhi yote mpaka taya zinauma. Nikaushusha kwenye tundu la kasha. Nikahisi umenasa karatasi. Nikavuta polepole, kijasho chembamba kinanitiririka. Karatasi ikatoka! Haikuwa yangu. Ilikuwa ya Miwani, amekubali kofia yenye feni. Na Miwani mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yangu na sambusa mkononi.

Nikamwambia nimeona mende. Akauliza mende yuko ndani ya uamuzi wake? Nikasema ndiyo, mkubwa. Akaichukua karatasi, akabandua ubani wangu kwa kucha, akairudisha kashani. Tangu hapo haniondolei macho.

Jumatano, 5 Machi

Sikupata hata lepe la usingizi. Asubuhi nikachungulia dirishani: mwanamume mwenye kofia ya kijivu amesimama ng'ambo ya barabara, anaitazama nyumba yetu. Nikatokea mlango wa nyuma, nikapita kwenye kamba za nguo za jirani, nikafika ofisini na soksi ya mtu begani.

Lakini leo nina habari njema! Nimesoma kanuni zetu, zote, kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. Kanuni ya kumi na tisa inasema mkaguzi akibadili mawazo, uamuzi wa baadaye ndio unaoshika. Yaani sina haja ya kuitoa ile karatasi. Naweka nyingine juu yake!

Nikaandika, kwa kalamu ileile nyekundu: Uamuzi wangu wa awali kuhusu faili namba 41 ubatilishwe, nilikuwa na homa. Huu ni uvumbuzi wa karne. Aliyeubuni ana akili ambayo Mungu humpa mtu mmoja katika taifa. Nikakaa nikafikiri. Sifa hazijatosha. Je, mjinga mmoja akileta mashine kama hii kesho, akagombana na Mkuu wa Nchi? Nikaongeza: Apewe hataza mara moja, na asipewe mwingine yeyote hataza ya mashine ya vitunguu katika nchi hii, hata aje nani.

Hata aje nani! Nilijipenda hapo.

Nikatumbukiza. Miwani akaandika kitu kwenye daftari lake dogo. Aandike. Karani akaleta rundo la faili mpya, akaliweka mezani kwangu. Sina muda wa faili mimi, niko vitani. Nikaweka chupa ya chai juu yake.

Nyumbani yule wa kofia ya kijivu bado yupo. Nikamwonyesha mke wangu kupitia tundu la pazia, kwa kunong'ona. Akafungua dirisha lote, akamsalimu kwa sauti! Kumbe ni mchumba wa binti wa jirani, anaogopa kubisha hodi kwa baba mkwe. Nikamwambia mke wangu nilijua tangu mwanzo.

Alhamisi, 6 Machi

Maji yamenifika shingoni.

Mama Msajili alituita saa tatu. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Akasema kesho Mkuu wa Nchi anakuja mwenyewe, na waandishi wa habari, kushuhudia kasha likifunguliwa. Anataka wananchi waone haki inavyotendeka. Kila karatasi iliyomo itasomwa kwa sauti. Nikauliza, kila karatasi? Hata iliyobatilishwa? Akasema kila karatasi, na kwa nini naitetemesha meza.

Yaani uamuzi wa pili utaniokoa, lakini wa kwanza utakuwa umeshasomwa mbele yake! Atakaa pale, na waandishi, na kamera, asikie anatakiwa atafute kazi nyingine. Hapo utabatilisha nini?

Nilikwenda msalani nikakaa. Nilifikiria kuugua. Nilifikiria kufa kidogo, wiki mbili hivi. Nilifikiria kumwendea Mama Msajili na kumwambia, kama mke wangu alivyosema asubuhi, na jana, na juzi. Mlangoni pake nikainua mkono nibishe. Nikasikia akizungumza kwa simu, anasema ndiyo mheshimiwa, ndiyo mheshimiwa, sauti kama ya mtoto aliyevunja kikombe. Nikaushusha mkono.

Ndipo nilipoona chupa yangu ya chai.

Walipotoka kwenda kupanga viti ukumbini, niliinamisha chupa juu ya tundu la kasha. Chai yote. Ya maziwa. Wino ukilowa unatambaa, karatasi zinageuka uji, hakuna anayesoma uji. Ilichukua dakika mbili na ilikuwa na mlio mbaya sana. Mke wangu ananiuliza kwa nini leo natabasamu, nami namjibu kwamba mume wake si mtu wa kuchezewa.

Ijumaa, 7 Machi

Nitaandika kwa ufupi.

Amekuja. Ni mfupi kuliko kwenye picha. Vidole vitatu vya mkono wa kushoto vimefungwa plasta. Akakaa mstari wa mbele, karibu kabisa na mimi. Nyuma yake msaidizi mwenye suti nyeusi, asiyepepesa macho.

Mama Msajili akafungua kufuli. Harufu ya chai ikajaa ukumbi. Akazitoa karatasi kwa vidole viwili, zinachuruzika. Za Miwani wino umetambaa wote. Za wengine vilevile. Mbili tu zilisomeka, maandishi mekundu yanang'aa. Wino usiofutika! Zawadi ya mke wangu! Nilimwangalia Miwani. Miwani alikuwa anaangalia chupa yangu.

Mama Msajili hakuwa na jinsi. Akaisoma ya kwanza. Alipofika kwenye kazi nyingine, sauti yake ikakatika, akameza mate, akalirudia neno. Hata kamera ziliogopa kulia.

Mkuu wa Nchi akauliza kwa upole ni nani aliyeandika. Nilikuwa nafikiria kuangalia pembeni. Miwani akaniinulia mkono. Mkono wangu mimi, aliushika kifundoni akauinua!

Nikasimama. Mkuu akaniuliza mashine hiyo ina kasoro gani. Nikasema wembe, mheshimiwa, unatazama upande wa mtumiaji. Akavitazama vidole vyake. Akamnong'oneza msaidizi wake, nami nikasikia, maana nilikuwa karibu: ya kwangu haina wembe, ina meno.

Sikuelewa. Nilidhani ni vitisho.

Ikasomwa ya pili. Uvumbuzi wa karne. Akili ya mtu mmoja katika taifa. Watu wakaanza kutabasamu, msaidizi akalegeza mabega. Asipewe mwingine yeyote, hata aje nani. Makofi! Nilijiona nimevuka. Nikainama kidogo, kulia na kushoto.

Kisha Mama Msajili akaifungua bahasha ya faili namba 41. Akasoma jina. La mwanamke. Mpishi mstaafu wa shule ya bweni!

Makofi yaliisha moja moja. Mkuu wa Nchi akauliza, kwa upole uleule, faili yake ya vitunguu iko wapi basi. Wakatafuta. Ikapatikana kwenye meza yangu, namba 47, haijafunguliwa, ina alama ya duara ya chupa ya chai.

Mama Msajili akalazimika kusema mbele ya waandishi wote kwamba hataza ya mashine ya vitunguu imekwisha kutolewa, na kwamba kwa mujibu wa uamuzi wa mkaguzi hawezi kupewa mwingine. Hakumalizia yale maneno ya mwisho. Hakukuwa na haja, kila mtu aliyakumbuka.

Mkuu alikuwa amesema redioni hataki upendeleo. Angefanya nini? Alicheka. Alicheka kwa meno tu. Akanishika mkono, akaushikilia muda mrefu. Akaniuliza jina. Akamwambia msaidizi aliandike vizuri.

Aliandike vizuri! Nimefika nyumbani nimefunga milango yote na nimesogeza kabati. Mke wangu anapita dirishani.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi hodi. Nikaruka nikaingia jikoni. Ni mama mmoja mzee, amebeba sanduku kichwani. Yule mpishi! Akaniita mwanangu. Akanishika mikono yote miwili, akalia. Akasema miaka ishirini na sita amekatia watoto wa shule vitunguu, macho yameharibika, na mara nne ofisi yetu imemkatalia, tena mara moja kwa matusi. Leo amepata. Akasema huyo mkaguzi aliyemtukana Mungu amsamehe, lakini mimi Mungu anizidishie. Nikaitikia amina mbili, moja kwa kila mmoja wetu.

Ametuachia mashine. Mke wangu amekata vitunguu kumi, macho makavu kabisa. Akaniuliza kama kweli niliutazama ule mchoro. Nimemwambia mambo ya ofisini hayazungumzwi mbele ya chakula.

Mchana, gari jeusi. Nilijua wamenijia. Nikavaa sweta mbili, maana nasikia huko kuna baridi. Dereva akaingia na sanduku la faili thelathini, zote zimefungwa kamba, na barua ndefu ya Mkuu wa Nchi mwenyewe. Nilisoma mistari ya mwanzo: kwa miaka kumi hajakutana na mtumishi asiyemwogopa, na mimi nimemwambia mbunifu wa vitunguu, yeye mwenyewe akisikia, atafute kazi nyingine, kwa kalamu isiyofutika, halafu nikamnyima hataza mbele ya taifa. Kuanzia leo mimi ndiye mkaguzi wake binafsi. Faili hizo zichukuliwe Jumatatu saa mbili asubuhi.

Macho yakaingia ukungu, sikuweza kuendelea. Asiyemwogopa! Mimi!

Mke wangu akasema hii ni bahati, nikae nizisome moja moja na nimwandikie ninachokiona, vizuri ni vizuri, vibaya ni vibaya. Anataka kuwa mjane huyu.

Jumapili, 9 Machi

Nimejifunza! Wiki hii imenifunza kitu kimoja kikubwa, na nakiandika kwa herufi safi: balaa lote lilianza kwa kukataa. Ningekubali faili namba 41 tangu mwanzo, ningelala usingizi.

Kwa hiyo leo nimekubali zote thelathini. Kamba sikuzifungua, za nini? Nafasi ya muhuri iko kwenye jalada. Kwenye kila moja nimeandika: Uvumbuzi wa karne. Nimeusoma neno kwa neno. Nimeujaribu mwenyewe nyumbani, umetufaa sana, mke wangu hataki tena kuishi bila huo. Thelathini! Mkono umevimba. Kufikia saa kumi nilikuwa nimemaliza, na nimekula vizuri kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Namwonea huruma Miwani. Bado anasoma faili.

Jumatatu, 10 Machi

Dereva amekuja saa mbili kamili, amezichukua. Nimempungia mkono mpaka gari likapotea.

Saa nne mke wangu akawa anafagia. Chini ya kiti akaokota ukurasa wa pili wa ile barua. Sikuwa najua kuna ukurasa wa pili. Akausoma kwa sauti, amesimama na ufagio.

Mkuu wa Nchi anasema vitunguu vilikuwa mchezo tu. Uvumbuzi wake wa kweli ni faili hizi zenyewe. Ndani hamna kitu, ni karatasi nyeupe. Ni kifaa cha kumtambua mtumishi anayesifia asichokisoma, na mwezi ujao anakusudia kuwapelekea mawaziri wote. Lakini kwanza ameona aniletee mimi, mtu mkweli pekee aliyebaki serikalini, nimwambie kama kifaa kinafanya kazi.

Mke wangu akaurudia ule mstari wa mwisho. Kisha akaniuliza ni kitu gani hasa tulichokijaribu nyumbani, na ni kipi ambacho yeye hawezi tena kuishi bila hicho. Nilikuwa nimeshasikia gari. Hapana, magari. Matatu.

Akasema nitoke, nisimame mlangoni, niseme niliogopa, basi. Neno moja tu, niliogopa, pengine wataelewa, kila mtu anaogopa. Nimekataa. Nina mpango bora. Mke wangu atawaambia nimesafiri toka jana, hajui nimekwenda wapi wala nitarudi lini. Kwa hiyo muhuri si wangu, mtu kauiba. Safi kabisa! Na Miwani ndiye aliyekuwa na uadui nami, mashahidi wapo.

Wanabisha hodi. Huku nilipo hamna mwanga wa kutosha, mwandiko mnisamehe. Viatu naviona: vyeusi, vyeusi, vyeusi, halafu vidogo vya kahawia vilivyong'arishwa sana. Amekuja mwenyewe.

Mke wangu anawakaribisha. Anawauliza kama watakunywa chai. Anawaambia ndiyo, yupo, yuko chini ya kitanda, anaandika.